FUNGA MUS-HAF, KISHA SOMA



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu wanafunzi na wazazi, kila mwaka hapa chuoni hutokea mwanafunzi mwenye huzuni. Usiku amesoma sura yake mara nyingi, akalala akiamini ameihifadhi. Asubuhi anasimama mbele ya mwalimu, anasoma aya mbili, ya tatu haiji. Wenzake wanacheka, na nyumbani anaambiwa hana akili. Wengine huacha chuo kwa sababu hiyo. Mimi mwenyewe, nilipoanza kufundisha, nilikuwa na dawa moja tu kwa mtoto huyo: "Nenda kasome tena." Leo najua dawa ile haikutosha.

Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi silabi zisizo na maana, kisha akajipima baada ya muda mbalimbali. Aliona kuwa sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, ndani ya siku ya kwanza, kisha kasi hupungua. Basi kusahau si ujinga, ni maumbile ya mwanadamu.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Wanafunzi walipewa habari fupi. Kundi moja liliisoma tena na tena katika vipindi vinne. Kundi jingine liliisoma katika kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliosoma tu waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walikumbuka asilimia 40, waliojipima asilimia 61. La ajabu ni kwamba waliosoma tu ndio waliokuwa na uhakika zaidi kuwa watakumbuka!

Sababu ni nini? Ukisoma huku unatazama, macho huzoea maneno, na nafsi hudhani mazoea hayo ndiyo hifadhi. Ukifunga kitabu, akili hulazimika kuyatafuta maneno yenyewe, na kutafuta huko ndiko kunakoyaimarisha.

Utafiti ule ulihusu habari za kawaida, si Qur'ani. Hata hivyo, kurejea na kusomeana si jambo geni kwetu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akirejea Qur'ani pamoja na Jibril kila Ramadhani, na katika mwaka wake wa mwisho alirejea mara mbili.

Mwanafunzi, fanya hivi:

1. Kwanza soma ukitazama, mbele ya mwalimu, mpaka matamshi yawe sahihi. Kosa likishahifadhiwa ni gumu kuliondoa.

2. Funga mus-haf, soma kwa ghibu. Ukikwama usiharakie kufungua. Jaribu kidogo, kisha fungua ujisahihishe.

3. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki.

4. Fanya hivyo hivyo katika fiqhi na masomo ya skuli. Funga daftari, andika faradhi za udhu, kisha linganisha.

Nanyi wazazi, hata asiyejua kusoma Kiarabu anaweza kusaidia. Jioni mwambie mwanao, "Nisomee ulichohifadhi leo." Akinyamaza, mvumilie, usimkemee. Kukwama kule si aibu. Akili yake iko kazini. Huenda subira yako ya dakika mbili ndiyo itakayomzuia kukiacha chuo.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na awafanye watoto wetu wawe miongoni mwa wanaoihifadhi Qur'ani na kuifanyia kazi. Amin.

Wabillahi tawfiq.