Sindano ya bega: uliza kwanza, uchomwe baadaye

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni juma lililopita. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji.)

Tangu nilipozungumzia maumivu ya mgongo katika kipindi hiki, nimepokea barua na ujumbe mwingi wa simu. Wengi wenu mmeniomba nipande juu kidogo, nizungumzie bega. Dada mmoja anayefanya kazi ya kusuka nywele hapa Dar es Salaam ameuliza hivi: "Nimeambiwa nichomwe sindano ya kotisoni begani. Jirani zangu wanasema itanilemaza. Nikubali au nikatae?"

Swali hili si dogo. Msusi hula kwa mikono yake. Kila mteja anayemrudisha kwa sababu mkono haunyanyuki ni unga na nauli ya watoto iliyopotea. Ndivyo ilivyo pia kwa fundi rangi, kwa mama anayechota maji, kwa mwalimu anayeandika ubaoni na kwa kondakta wa daladala. Bega likikataa, riziki nayo inayumba.

Mimi si daktari. Ni mgonjwa mwenzenu tu. Nina kisukari, na bega langu la kushoto liliwahi kuganda kwa karibu miaka miwili. Kwa hiyo sindano hii nimeiuliza kwa madaktari, nimeisoma, na hatimaye nimechomwa. Ninayowaambia leo ni kwa ajili ya kuwasaidia mkae na daktari wenu mkielewana naye, wala hayachukui nafasi yake.

Tuanze na bega lenyewe. Kiungo cha nyonga kimekaa ndani sana, kama mchi ndani ya kinu, ndiyo maana ni imara. Bega ni kinyume chake. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa juu ya kombe la mkono kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani. Kwa ajili hiyo mkono unaweza kuzunguka pande zote, lakini chungwa linahitaji kushikiliwa. Kazi hiyo inafanywa na misuli minne, ambayo kano zake zimelikumbatia bega kama kiganja. Juu ya kano hizo pana kifuko chembamba chenye ute, kinachozuia kano zisisuguane na mfupa ulio juu yake. Kiungo chote kimezungukwa na gamba laini.

Sasa, watu wengi wakisema "bega linauma" huwa na moja kati ya matatizo mawili.

La kwanza ni la kano. Kano zimechoka, zimechubuka au zimechanika kidogo, na pengine kile kifuko cha ute kimevimba. Mtu huumia anaponyanyua mkono kando, anapofikia kitu kwenye rafu ya juu, au anapolalia upande huo usiku.

La pili ni bega kuganda. Gamba la kiungo linavimba, linakuwa nene na kukaza. Kwanza huja maumivu makali, hasa usiku. Kisha maumivu yanapungua lakini mkono unakuwa mgumu kama mlango ulioshika kutu. Mwishowe, polepole, unaanza kulegea. Safari yote inaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na wako wanaobaki na ugumu kidogo. Huwapata zaidi watu wa umri wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na sisi wenye kisukari hutupata mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Ipo njia rahisi ya kuyatofautisha. Legeza mkono wako, kisha mwenzako akunyanyulie taratibu. Ikiwa tatizo ni la kano, mara nyingi mkono utapanda akiunyanyua yeye, hata kama wewe mwenyewe huwezi. Ikiwa bega limeganda, halitapanda kwa nguvu yako wala kwa nguvu ya mwenzako. Daktari anayejua kazi yake atakupima hivyo kabla hajagusa bomba la sindano. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, si kano. Picha ya altrasaundi na ile ya MRI huonyesha kano, lakini hata hapo tuwe waangalifu: watu wengi wenye umri mkubwa wana kano zilizochanika kidogo, na hawasikii maumivu yoyote. Picha peke yake haitoshi kumpeleka mtu kwenye kisu.

Je, hiyo kotisoni ni kitu gani? Mwili wenyewe hutengeneza dawa ya jamii hiyo, katika tezi ndogo zilizo juu ya figo. Mwezi Septemba 1948, huko Mayo Clinic nchini Marekani, daktari Philip Hench alimpa kotisoni mwanamke aliyekuwa hajiwezi kwa ugonjwa wa baridi yabisi, na baada ya siku chache akaanza kutembea. Dunia ikashangaa. Mwaka 1950 Hench, pamoja na wanakemia Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel. Haukupita muda, madaktari wakaanza kuchoma dawa za jamii hiyo ndani ya viungo. Siku hizi zinazotumika ni ndugu zake, kama methilipredinisoloni na triamsinoloni, lakini jina la kotisoni limebaki midomoni mwa watu.

Kazi yake ni kuzima uvimbe. Haishoni kano iliyochanika, wala haifanyi mfupa kuwa mpya. Ukiwa na moto jikoni na ukuta umepasuka, dawa hii inazima moto, ufa unabaki. Na hii ndiyo sababu ya ubishi wote. Aliyechomwa leo akalala usingizi mzuri juma lijalo ataisifu. Aliyeona maumivu yanarudi baada ya miezi mitatu ataitukana. Wote wawili wanasema kweli.

Utafiti unasemaje? Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uitwao GRASP, uliowahusisha watu 708 wenye matatizo ya kano za bega. Baadhi walichomwa sindano, wengine hawakuchomwa. Baada ya majuma nane, waliochomwa walikuwa na nafuu kidogo zaidi. Baada ya miezi 12, walikuwa sawa. Utafiti huohuo ulipima jambo jingine linalotuhusu sana sisi wenye mifuko myembamba. Kundi moja lilikwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo hadi mara sita. Kundi jingine lilimwona mara moja tu, likafundishwa vizuri mazoezi na kwenda kuyafanya nyumbani. Matokeo hayakutofautiana. Maana yake ni kwamba hela ya kumlipa mtaalamu mara moja akufundishe sawasawa si hela iliyopotea, mradi ukifika nyumbani uyafanye.

Na upasuaji? Kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakichonga mfupa ulio juu ya kano ili kuongeza nafasi. Mwaka 2018 utafiti mwingine wa Uingereza, CSAW, uliwachukua wagonjwa 313. Wengine walichongwa mfupa kweli. Wengine walitobolewa na kuchunguzwa tu bila kuchongwa chochote. Wengine hawakufanyiwa kitu. Waliochongwa hawakuwa na nafuu kuliko waliotobolewa bure, na tofauti na wale ambao hawakuguswa ilikuwa ndogo mno kuwa na maana kwa mgonjwa. Kwa bega lililoganda, utafiti wa mwaka 2020 wa wagonjwa 503 ulilinganisha aina mbili za matibabu ya chumba cha upasuaji na mazoezi yanayoambatana na sindano. Baada ya mwaka mmoja makundi yote yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na hakuna lililoshinda waziwazi.

Sisemi kwamba upasuaji hauna kazi. Mtu aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki, bega likachomoka au kano ikakatika kabisa, asikae nyumbani akijikanda kwa maji ya moto. Huyo awahi hospitali, maana kano iliyokatika ikikaa muda mrefu hujikunja na kuwa vigumu kuirudisha.

Turudi kwenye sindano na madhara yake. Siku moja au mbili za kwanza maumivu yanaweza kuzidi kabla ya kupungua. Uso unaweza kuwaka moto. Ngozi mahali ilipochomwa inaweza kupauka na nyama ya chini yake kubonyea, na kwa ngozi zetu nyeusi baka hilo huonekana sana. Uambukizo ndani ya kiungo hutokea mara chache, lakini ukitokea ni hatari kubwa. Ukiona bega limekuwa jekundu, limevimba, na una homa, rudi hospitali siku hiyohiyo. Na sindano zikirudiwarudiwa huweza kudhoofisha kano zenyewe. Ndiyo maana madaktari wengi hawapendi kuzidisha tatu au nne kwa mwaka katika kiungo kimoja. Jirani wa yule dada wanaposema sindano inalemaza, ukweli wao umelala hapa: moja iliyochomwa kwa sababu nzuri ni jambo moja, na kumi za mfululizo ni jambo jingine.

Kuna makundi mawili ambayo lazima yafungue mdomo kabla ya kuchomwa. Kundi la kwanza ni sisi wenye kisukari, kwa sababu dawa hii hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Katika zahanati moja, ambayo sitaitaja, sindano ilikuwa imekwisha kuvutwa bila mtu kuniuliza kama nina kisukari. Nikasema mwenyewe, na mambo yakasimama. Nilichomwa baadaye mahali pengine, nikiwa na kipimo changu cha sukari na maelekezo ya kukitumia asubuhi na jioni. Sukari ilipanda kwa siku nne, ikashuka. Usingizi ulirudi ndani ya juma moja. Ugumu wa bega ulichukua mwaka na zaidi kuondoka, na huo uliondolewa na mazoezi na muda.

Kundi la pili ni ndugu zetu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zenye ritonavir ndani yake. Dawa hiyo inazuia mwili usiivunje steroidi, hasa triamsinoloni. Sindano moja tu inaweza kukaa mwilini kwa muda mrefu, ikavimbisha uso na kuzilaza zile tezi za juu ya figo. Haya yamekwisha kuwapata watu. Si wote wanaotumia dawa hizo wanazo zenye ritonavir, lakini kila mmoja amtajie daktari dawa anazotumia. Hapa kuona haya kunaweza kugharimu maisha.

Jambo jingine ni mchanganyiko wa majina. Huku mitaani sindano yoyote ya maumivu huitwa "sindano ya bega". Mara nyingi kinachochomwa ni diklofenaki, tena kwenye tako. Hiyo ni dawa nyingine kabisa: hupunguza maumivu kwa muda, lakini ikizoeleka inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu. Wengine hununua vidonge vya deksamethasoni dukani bila cheti, wakavimeza miezi. Vidonge hivyo ni steroidi inayozunguka mwili mzima. Usijianzishie, na kama umekwisha kuvitumia kwa muda mrefu usiviache ghafla. Mwone daktari akupunguzie taratibu.

Sasa nimjibu dada yetu. Kama tatizo lako ni la kano, na bado unaweza kufanya kazi, anza na mazoezi. Inama, uegemee meza kwa mkono mzima, mwingine uning'inie na kuuzungusha taratibu kama timazi. Simama mbele ya ukuta, upandishe vidole juu kidogo kidogo kama buibui. Shika ufagio kwa mikono miwili, mkono mzima uusukume mgonjwa kwenda nje. Maumivu madogo yanayotulia upesi yavumilie. Yanayokunyima usingizi ni dalili kwamba umezidisha. Kaza kiti cha mteja kiwe chini ili usisuke mikono ikiwa juu. Parasetamoli na maji ya moto vitakusaidia. Ukipita majuma sita hivi bila nafuu, au ukikosa usingizi kabisa, sindano moja ni haki yako, ili upate nafasi ya kufanya mazoezi. Kama bega linaganda, sindano hufaa zaidi mapema, wakati maumivu yakiwa makali, kuliko baadaye likiwa limekwisha kuwa gumu. Na wakati huo wa maumivu makali usikubali mtu akuvute mkono kwa nguvu.

Ukienda, uliza maswali haya. Ugonjwa wangu unaitwaje? Dawa hii jina lake nani? Inachomwa wapi, na nani atakayechoma amewahi kuifanya kazi hiyo? Nimeshachomwa ngapi mwaka huu? Nikishachomwa nifanye mazoezi gani? Daktari mwema hatachukia.

La mwisho, na msilisahau. Bega la kushoto likiuma ghafla pamoja na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi, huo unaweza kuwa moyo. Hapo hakuna kukanda wala kuchua. Ni kukimbilia hospitali.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo, saa kama hii.