Nafasi chuoni umepata. Je, karo na chumba?

Barua ya KUCCPS ikifika, nyumbani hupigwa vigelegele na jamaa wakapigiana simu. Ni haki yao. Lakini barua ile ni nafasi tu. Haina pesa ndani yake wala kitanda. Hivyo viwili huombwa mbalimbali, na kila kimoja kina siku yake ya mwisho.

Tuanze na pesa. Tangu 2023, mwanafunzi aliyepelekwa chuo kikuu cha umma huomba mwenyewe kwenye tovuti ya HEF. Mwaka 2024 familia ziliwekwa katika bendi 5 kulingana na kipato. Bendi ya 1, ya wanyonge zaidi, ilipata ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi na mkopo wa asilimia 25. Mzazi alitoa 5. Bendi ya 5 ilikuwa ufadhili 30, mkopo 30, mzazi 40.

Hapa ndipo Waislamu wengi hukwama. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4, na wapo wazazi wasemao: hatutaki riba, basi hatuombi chochote. Wamechanganya mambo mawili. Mkopo hulipwa; ufadhili haulipwi. Kuogopa riba si sababu ya kuuacha ufadhili.

Ila hesabu ifanywe mapema. Chukua kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka, bendi ya 3 kwa viwango vya 2024: ufadhili 100,000, mkopo 60,000, mzazi 40,000. Ukiuacha mkopo, zile 60,000 zakurudia wewe, na mzigo wako wawa 100,000. Zitatoka wapi? Basari ya kaunti, CDF, zaka, mchango wa ukoo: hayo yazungumzwe sasa, si siku mtoto anapozuiliwa mtihani.

Fomu ijazwe kwa ukweli. Mvuvi asihesabu miezi ya kaskazi peke yake akaisahau ile ya kusi bahari inapochafuka. Achukue wastani wa mwaka. Yatima awe na cheti cha kifo cha mzazi. Laini ya simu isajiliwe kwa jina la mwanafunzi mwenyewe. Na ukiona kiwango ulichopewa si chako, kata rufaa.

Sasa chumba. Ufadhili na mkopo wa karo huenda moja kwa moja chuoni, kodi haziigusi. Pesa za matumizi ni sehemu ya mkopo, na aghalabu hufika muhula umeshaanza. Aliyeuacha mkopo hana hata hizo. Kwa hivyo kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti ni juu ya mzazi.

Hosteli za chuo huwa chache kuliko wanafunzi, basi omba mara tu nafasi zinapofunguliwa. Anayesoma TUM pale Tudor, na kwao ni Likoni, avuke feri kwa miguu bila kulipa, alale kwao. Anayekwenda Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, atafute wenzake wa mtaani wakodi pamoja.

Usitume dipoziti kwa M-Pesa kwa chumba ambacho hakuna mtu wenu aliyekiona. Nendeni mkaulize maji hutoka siku gani, umeme ni wa nani, na njia ya kurudi usiku ikoje, hasa kwa binti. Kisha daini risiti.