Injini Haisemi Uongo: Taratibu za Kuchunguza Mtetemeko wa Dizeli

Katika barabara itokayo Biharamulo kupita Lusahunga na Nyakahura hata njia panda ya Benaco, ambapo njia moja hushika kuelekea mpakani Rusumo na nyingine hupanda vilima kwenda Ngara mjini, chombo kinachowachukua wagonjwa waendao hospitali, wachuuzi wa ndizi na maharage, na wanafunzi warudio shuleni, aghalabu ni Toyota Hiace, na nyingi katika hizo huendeshwa kwa dizeli. Ilikuwapo miaka ambayo magari yalilivuka pori la Biharamulo yakisindikizwa na askari wenye silaha, kwa hofu ya majambazi. Na ijapokuwa hofu ile imepungua, gari kuzimika katikati ya pori, usiku, na abiria wamejaa, hata leo ni msiba. Kwa hiyo dereva aonapo kwamba gari lake, likiwa sailensa pale stendi, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, linatetemeka hata vioo vinalia, ilhali akikanyaga mafuta mtetemeko unatoweka, na atambue kuwa amepata habari mapema, naye afanye hima kuichunguza.

Injini ya dizeli, tangu ile ya mhandisi wa Kijerumani Rudolf Diesel iliyofaulu majaribio mjini Augsburg mwaka 1897, haiwashi mafuta kwa cheche. Pistoni huibana hewa hata ikapata joto la zaidi ya nyuzi 500 za sentigredi, kisha nozeli hupuliza dizeli ndani yake kama ukungu, nayo ikawaka yenyewe. Injini ya silinda nne, ikizunguka mara 750 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 375 katika dakika hiyo, yaani zaidi ya mara sita kwa sekunde. Na kwa kuwa kipimo cha mafuta katika mwendo huo wa sailensa ni kidogo mno, silinda moja ikipungukiwa hata kidogo, injini nzima huyumba. Mwendo ukizidi, milipuko hufuatana upesi na uzito wa gurudumu la injini huufunika upungufu ule, lakini hauutibu.

Sasa fundi hodari hufanya kama kadhi mwadilifu, asiyetoa hukumu kabla ya kuwasikiliza mashahidi, naye huanza na wale wasiomgharimu mtu hata senti. Kwanza husikiliza: mlio ukiwa sawasawa lakini bodi inatikisika, huenda injini ni nzima na mipira inayoishikilia imechoka au imekatika. Mlio wenyewe ukiwa unakatika-katika, huo ndio wakati wa kuyaendea mafuta.

Hapo hulegeza kizibo kilicho chini ya filta na kukinga kidogo katika chupa nyeupe, aiache itulie. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, hushuka chini na kujitenga, nayo huwapata hasa wale wanunuao mafuta ya madumu vijijini. Kisha huunga kipande cha mpira angavu katika njia ya mafuta, akatazama: vipovu vikipita mfululizo, basi hewa inaingia mahali fulani, aghalabu penye klipu iliyolegea au mpira uliopasuka, na dawa yake ni kuziba ufa huo na kutoa hewa kwa pampu ya mkono.

Hewa na maji vikikosekana, huja zamu ya nozeli. Katika injini za zamani zenye pampu ya kawaida, kama zile za 2L na 3L, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine, injini ikiwa sailensa. Ile ambayo ikilegezwa mlio huharibika zaidi, silinda yake ilikuwa ikifanya kazi. Ile isiyobadili kitu, ndiyo yenye kasoro. Hapo huihamishia nozeli hiyo katika silinda nyingine: ugonjwa ukiifuata, nozeli ndiyo mbovu; ukibaki pale pale, atazame kompresheni, valvu, au mafuta yatokayo kwenye pampu.

Hapa pana tahadhari iliyo faradhi. Hiace za baadaye zenye injini za 1KD na 2KD husukuma mafuta kwa kanieneo inayoweza kuzidi ile ya hewa mara elfu moja, na mafuta hayo yaweza kupenya ngozi na kumlemaza mtu. Bomba zake zisilegezwe kamwe injini ikiwaka, bali zipimwe kwa kompyuta.

Moshi nao ni shahidi. Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi ya Ngara, ukiisha injini ikipata moto, hauna neno. Usipoisha, huenda dizeli inatoka bila kuungua. Mweusi ni wa mafuta mengi au hewa haba, na wa buluu ni wa oili.

Wengi hufungua pampu ya mafuta kwanza, ilhali ndiyo ilipasa kuwa ya mwisho, kwa sababu ni ghali na kuipima kunahitaji mashine maalumu. Mwenye gari, ambaye mtaji wake wote huenda uko katika chombo hicho, ana haki ya kumwuliza fundi: umejuaje? Fundi aliyefuata taratibu hatakasirika kwa swali hilo, kwa maana atakuwa na chupa ya maji, mpira wenye vipovu au nozeli mbovu ya kumwonyesha. Na asiye na cha kuonyesha, asipewe ruhusa ya kununua chochote.