LESENI YA MTUNZA MENO: NGAO YA FAMILIA

Katika mtaa wa Ediofe, jijini Arua, mama anaamka alfajiri na kumkuta mwanawe amevimba shavu. Usiku kucha mtoto hakulala. Mumewe ni askari, naye yuko zamu mbali na nyumbani. Jirani anamshauri ampeleke kwa mtu fulani karibu na soko, ambaye hung'oa meno kwa bei nafuu. Mtu huyo ana koleo, ana koti jeupe, na maneno yake ni matamu. Lakini je, ana leseni?

Swali hilo laonekana dogo mbele ya mtoto anayelia. Hata hivyo, ndilo swali ambalo sheria ya Uganda ilitungwa ili kulijibu. Mwaka 1996 zilitungwa sheria mbili zinazohusu kazi hiyo. Ya kwanza ni ya waganga na madaktari wa meno, nayo ina baraza lake. Ya pili ni ya wataalamu wa afya shirikishi, nayo pia ina baraza lake. Chini ya sheria hii ya pili wameandikishwa maafisa wa afya ya meno ya jamii, pamoja na mafundi wanaotengeneza meno ya bandia.

Nchini Uganda, afisa wa afya ya meno ya jamii ndiye anayefanya sehemu kubwa ya kazi ambayo nchi nyingine zimempa mtaalamu wa usafi wa meno. Yeye hukwangua ukoko uliogandamana juu ya meno, hutibu fizi, huziba matundu, hung'oa jino lililooza, na huwafundisha watoto shuleni kupiga mswaki. Husomea kazi hiyo katika chuo kilichoko Mulago, Kampala. Kwa mpango wa serikali, mahali pake ni katika kituo cha afya cha daraja la nne na katika hospitali. Daktari wa meno, aliyesoma chuo kikuu, hushughulikia mambo mazito zaidi, kama vile taya lililovunjika na uvimbe mkubwa.

Sheria inatofautisha mambo matatu ambayo wananchi wengi huyachanganya. La kwanza ni cheti cha chuo, kinachoonyesha kwamba mtu amesoma. La pili ni cheti cha kuandikishwa na baraza, kinachoonyesha kwamba masomo yake yamekubaliwa. La tatu ni leseni ya kazi, ambayo hutolewa upya kila mwaka. Tena, zahanati ya binafsi inahitaji leseni yake yenyewe, mbali na ile ya mtu anayefanya kazi ndani yake. Mwenye cheti cha chuo peke yake hana ruhusa ya kumtibu mtu.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika West Nile. Arua na Koboko ziko karibu na mipaka ya Kongo na Sudan ya Kusini, na watu huvuka kila siku kwa biashara, kwa ndoa na kwa kutafuta amani. Miongoni mwao wamo matabibu wenye ujuzi wa kweli. Lakini leseni haivuki mpaka pamoja na mwenyewe. Aliyesomea nchi nyingine hana budi kupeleka vyeti vyake mbele ya baraza la Uganda kabla ya kugusa jino la mtu. Tanzania nayo ina utaratibu wake, kwa sheria ya mwaka 2017 inayowahusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi.

Kazi ya usafi wa meno yenyewe ilizaliwa pamoja na suala la sheria. Katika mji wa Bridgeport, nchini Marekani, daktari wa meno Alfred Fones alimfundisha msaidizi wake, Irene Newman, mnamo 1906, kusafisha meno ya wagonjwa. Mwaka uliofuata sheria ya jimbo la Connecticut ilirekebishwa ili wasaidizi waruhusiwe kufanya kazi hiyo. Mwaka 1917 Newman akapewa leseni. Nchini Uingereza, jeshi la anga ndilo lililotangulia kuwafundisha watu wa kazi hii, mwaka 1943, wakati wa vita. Wakuu wa jeshi walitambua kwamba askari anayeugua meno hawezi kutimiza wajibu wake.

Hatari ya kumwendea asiye na leseni si ya kupoteza jino tu. Chombo kilichoingia katika damu ya mgonjwa mmoja, kikatumika kwa mwingine bila kutakaswa, huweza kupeleka virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini aina ya B. Uchunguzi uliofanywa Uganda mwaka 2005 ulionyesha kwamba kiasi cha mtu mzima mmoja kati ya 10 alikuwa na virusi hivyo vya homa ya ini, na sehemu za kaskazini zilizidi wastani huo. Kuosha koleo kwa sabuni hakutoshi. Hutakaswa kwa mvuke wenye joto la nyuzi 121 au zaidi, ndani ya chombo maalumu kilichofungwa.

Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga. Mwaka 1969 mtaalamu wa Denmark, Pindborg, aliandika juu ya watoto wa Kiacholi, ng'ambo ya pili ya Nile, waliochimbwa fizi na kutolewa vichipukizi vya meno machanga. Desturi hiyo imeonekana pia katika sehemu nyingine za Uganda na Tanzania. Mtoto akiharisha na kupata homa, watu husema ana meno ya plastiki, kisha fizi hukatwa kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli. Meno ya namna hiyo hayapo. Kinachotolewa ni jino la kawaida ambalo halijaota, na ugonjwa halisi, kama malaria au kuharisha, hubaki bila tiba.

Ni kweli kwamba sheria peke yake haitoshi. Mahali ambapo mtaalamu hayupo, au yupo lakini vifaa havipo, mama hawezi kulaumiwa kwa kutafuta nafuu iliyo karibu. Wajibu wa kupeleka maafisa wa meno hadi vituo vya mbali, pamoja na kambi za askari na polisi, ni sehemu ya kuitimiza sheria hiyo hiyo.

Kwa upande wa nyumba, hatua ni rahisi. Kabla mgonjwa hajaketi katika kiti, aulize leseni ya mwaka huu na alitazame jina lililoandikwa. Atazame vyombo vinatoka wapi, na kama sindano inafunguliwa mbele yake. Akitiliwa shaka, apeleke habari katika ofisi ya afya ya wilaya au ya jiji. Mtaalamu wa kweli haoni aibu kuulizwa.

Nyumbani, mswaki mara mbili kwa siku, dawa ya meno yenye floridi, na sukari kidogo vitapunguza safari za usiku. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.