Nyumba Bora Haijengwi kwa Siku Moja

Hakuna mtu mzima asiyetamani kuwa na nyumba nzuri iliyo yake mwenyewe. Hata hivyo, walio wengi wakiulizwa mbona hawajajenga, hujibu ya kuwa fedha hazijatosha. Husubiri mavuno makubwa, au mkopo, au malipo ya kustaafu, na huku miaka yapita. Wengine hawasubiri kitu: huanza kwa fahari nyumba ya vyumba vinane, na fedha huwaishia kabla ya kufika kwenye paa. Msafiri apitaye mashambani huziona kuta hizo zimesimama bila mabati, majani yameota mahali pa kitanda, na mbuzi wamejifanyia zizi sebuleni.

Kando ya watu hawa wawili yuko wa tatu, naye ndiye ninayetaka kumsifu. Huyu hujenga kwa kadiri ya mfuko wake, chumba baada ya chumba, kwa muda wa miaka kumi, au kumi na mitano, au hata ishirini. Jirani zake humcheka mwanzoni kwa kuwa nyumba yake ni ndogo. Lakini yeye hulala ndani yake, wala hana deni la kumnyima usingizi. Wazee walisema kweli kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Jambo hili latuhusu zaidi sisi makarani. Karani akaaye katika nyumba ya Serikali, au katika chumba cha kupanga mjini, hana budi kukumbuka ya kuwa ufunguo ule si wake. Siku ya kustaafu, ambayo kwa watumishi wengi wa Serikali ya Kenya hufika wanapotimiza miaka 60, atatakiwa kuurudisha. Aliyeanza kujenga akiwa na miaka 35 anayo miaka 25 ya kufanya kazi hiyo polepole. Aliyengoja mpaka siku ile atajenga kwa fedha zilizokusudiwa kumlisha katika uzee wake.

SI JAMBO GENI KWETU

Kujenga kidogo kidogo si desturi mpya wala si aibu. Tazama mji wa Lamu, ambao mwaka 2001 uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba zake za mawe ya matumbawe na chokaa hazikusimama zote kwa mara moja. Baba alijenga ghorofa ya chini, na binti alipoolewa aliongezewa ghorofa juu. Mahali pengine chumba kilijengwa juu ya njia, kikaunganisha nyumba mbili za jamaa moja; chumba hicho huitwa wikio. Hata upana wa vyumba ulipimwa kwa kile kilichopatikana, maana boriti za mikoko hazikuweza kubeba dari pana kupita kiasi cha mita tatu.

Na Nairobi pia tuna mfano. Katika mpango wa Dandora, ulioanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja vipatavyo 6,000. Mwenye kiwanja hakupewa nyumba nzima. Alipewa mahali palipo na maji, choo na bafu, kisha akaachiwa ajenge vyumba vyake mwenyewe. Wengi walijenga vyumba viwili, wakapangisha kimoja, na kwa kodi ile wakaongeza cha tatu.

ARDHI KWANZA, KISHA RAMANI

Kabla ya kuchimba msingi, hakikisha ya kuwa ardhi ni yako kwa sheria. Nenda katika ofisi ya ardhi ukaangalie jina lililoandikwa. Wako watu waliojenga nyumba za mawe katika shamba ambalo hati yake bado ina jina la baba aliyekwisha kufariki, na ndugu walipogombana, ukuta haukuweza kusema ni wa nani. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yaonyesha njia ya kugawa mali ya marehemu. Afadhali kuimaliza kesi hiyo kwanza, ingawa yachosha, kuliko kujenga juu ya ugomvi.

Kisha chora nyumba nzima, hata kama mwaka huu utajenga vyumba viwili tu, uipeleke ramani kwa wakuu wa kaunti wakaikubali. Ramani ndiyo itakayokuonyesha chumba cha tatu kitaungana wapi na cha pili, na mlango uachwe upande gani. Mwisho wa ukuta utakaoendelezwa, mwashi aache mawe yakitokeza moja moja kama meno, ili ukuta mpya upate kushikamana na wa zamani. Ukuta ulioegeshwa tu bila meno hupata ufa mahali pa kuungana. Na kama unakusudia kuwa na ghorofa siku zijazo, amua leo, kwa maana msingi wa nyumba ya chini hauwezi kubeba ya juu.

NUNUA KISICHOOZA

Mtu anayeweka akiba nyumbani hushawishika kuitumia. Kwa sababu hiyo wengi huigeuza akiba yao kuwa vifaa vya ujenzi. Shauri hili ni jema, lakini lina utaratibu wake. Mawe, kokoto na mchanga haviharibiki, vinunue mapema. Mbao zaweza kuwekwa, ila zipangwe kivulini juu ya magogo, na katikati ya ubao na ubao pawe na kijiti cha kupitisha hewa. Mabati yasifungwe pamoja yakiwa na maji, kwani hupata madoa meupe na kuanza kuliwa.

Saruji ndiyo inunuliwe mwisho. Huvuta unyevu hewani, na ikikaa miezi mitatu nguvu yake huwa imepungua sana. Inunue juma lile unalojenga, uiweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

MSINGI NA PAA

Kama fedha ni chache, punguza vyumba, wala usipunguze msingi. Chimba mpaka ufike kwenye udongo mgumu. Katika nchi yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, hapana budi kuuondoa wote, la sivyo kuta zitapasuka nao. Kwa zege la msingi, kipimo kitumiwacho mara nyingi ni saruji 1, mchanga 3 na kokoto 6. Kwa sakafu ni 1, 2 na 4. Zege lisiachwe likauke upesi kwa jua. Limwagiwe maji kila siku kwa muda wa siku saba, maana ni maji yaliyomo ndani yake yanayoipa saruji nguvu. Juu ya msingi, kabla ya kuanza ukuta, tandaza karatasi ya lami ili unyevu wa ardhi usipande.

Asiyeweza kununua mawe asikate tamaa. Nyumba ya miti na udongo hudumu miaka mingi ikiwa imeinuliwa juu ya msingi wa mawe, na ikiwa paa lake limetokeza nje kiasi cha futi mbili ili mvua isipige ukuta. Adui zake ni maji na mchwa. Mkulima akiipiga lipu na chokaa kila baada ya mavuno, itamsitiri vyema hata atakapopata ya mawe.

MAJI, JIKO NA CHOO

Bati ni kisima pia. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Basi paa lenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 6, likinyeshewa milimita 20 kwa siku moja, hupokea lita 1,080. Hata tukitoa sehemu ya tano kwa maji yanayomwagika, yabaki madebe 43 ya lita 20. Ni safari ngapi za mtoni ambazo mama na watoto wangeepushwa kwa siku hiyo moja! Kwa hiyo, kabla ya kununua viti vya sebuleni, nunua mfereji wa bati na tangi.

Jiko nalo lisiachwe nyuma. Moshi wa kuni huumiza macho na mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni. Dirisha pana na bomba la kutoa moshi hazina gharama kubwa zikifikiriwa tangu mwanzo.

Choo cha shimo kiwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, na kiwe upande wa chini. Afadhali kiwe na bomba refu lenye wavu juu, kama lile lililotengenezwa nchini Zimbabwe katika miaka ya 1970. Upepo upitao juu ya bomba huvuta harufu, na nzi waliomo shimoni huufuata mwanga wa bomba wakanaswa kwenye wavu. Chumba chenyewe lazima kiwe na giza kidogo, vinginevyo nzi watatokea pale pale pa kukalia.

DAFTARI NA FUNDI

Kila mjenzi awe na daftari. Aandike tarehe, kilichonunuliwa na bei yake, na aweke stakabadhi. Mapatano na fundi yaandikwe, na fundi alipwe kwa kazi iliyokwisha, si kwa ahadi. Mwenyewe ajifunze kutumia timazi na pima maji, maana ukuta uliopinda hauwezi kuombwa msamaha. Tena mume na mke wakae pamoja juu ya daftari hilo. Nyumba ambayo mke hajui imegharimu nini huzua maswali mengi siku mume asipokuwapo.

Wala nyumba ikimalizika kazi haikwishi. Msumari uliolegea ukigongwa leo ni shilingi chache. Ukiachwa, upepo huondoa bati zima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Msomaji mpendwa, huenda mwaka huu uwezo wako ni wa kununua lori moja tu la mawe. Linunue. Mwakani chimba msingi, na mwaka wa tatu inua ukuta wa chumba kimoja ukiezeke. Siku utakapofunga mlango wako usiku, huku mvua ikilia juu ya bati ulilolinunua kwa jasho lako, hakuna atakayekuuliza ilikuchukua miaka mingapi.