Maua ya mikebe vuli hii: anza na yale yasiyokufa upesi

Mama alipohamia kwangu hapa River Road mwaka jana, baada ya nyumba ya Kibokoni kuuzwa, alishuka basi la usiku na mzigo mmoja aliokataa kumpa makanga: mkebe wa maziwa wenye mwasumini wake. Ilikuwa Juni. Kufikia mwisho wa Julai majani yalikuwa yamegeuka manjano na kupukutika, na shina limekuwa jeusi kuanzia chini. Mama hakulalamika. Aliuosha ule mkebe akautia chumvi.

Tangu hapo nimejifunza kidogo, na kwa kuwa watu wetu wengi wanaohamia bara wanapatwa na msiba huu huu, nimeona niandike. Tena wakati wenyewe ni huu.

Wengine wakitaja vuli humaanisha ule msimu wa Ulaya ambapo majani huanguka na watu hupanda maua ya mikebe yatakayovumilia baridi inayokuja. Sisi mambo yetu ni kinyume. Vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Disemba, na hapa Nairobi baridi inakuwa imeshapita. Ukiona mijakaranda imetandika zambarau barabarani, jua kwamba mche mpya una miezi kadhaa ya joto mbele yake kabla ya Juni kurudi.

Sisi tulianza wakati mbaya. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Juni hadi Agosti mawingu hufunika jua siku nzima, na usiku joto laweza kushuka chini ya digrii 12. Mwasumini ni mti wa joto, na katika baridi ile hunywa maji kidogo mno. Nasi tukiumwagia kila asubuhi kama tulivyozoea Mombasa, katika mkebe usio na tundu. Mizizi ikaoza. Kwa hiyo kabla ya ua lolote, chukua msumari utoboe mkebe matundu manne au matano, kisha uuweke juu ya vipande vya tofali ili maji yapate pa kupita. Udongo mwekundu mtupu hushikana kama sementi. Changanya na samadi iliyooza sawasawa na mchanga kidogo. Ukitaka kujua kama mche una kiu, tia kidole hadi kwenye pingili ya kwanza. Ukihisi unyevu, uache.

Jambo la pili ni jua. Majengo ya River Road yamebanana, na roshani yangu hupata jua kwa muda wa saa tatu tu kwa siku. Kwa roshani kama hiyo nilipanda impatiensi, ua dogo la waridi, jekundu au jeupe lenye kupenda kivuli. Asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, ingawa jina lake la kitaalamu, walleriana, lilitokana na mmisionari Mwingereza, Horace Waller. Likipata kiu hulegea lote kama limekufa; ukilinyweshea, baada ya saa chache limesimama tena. Kwa anayejifunza hiyo ni hisani kubwa. (Na mikebe iwe ndani ya vyuma vya roshani, si juu yake. Chini wanapita watu na mikokoteni mchana kutwa.)

Paa la jengo, ukipata ruhusa ya msimamizi, lina jua tele. Huko weka jeraniamu. Huhitaji hata kununua: omba kijiti cha urefu wa shubiri kwa jirani, kate chini ya kifundo, ondoa majani ya chini, kiache kikauke siku moja, ukipande. Baada ya wiki tatu au nne kitakuwa na mizizi. Marigoldi nayo huota kwa mbegu ndani ya wiki moja na haina makuu.

Ua ninalotaka kulisema zaidi ni lile liitwalo vayoleti ya Afrika, kwa sababu linastahimili chumba chenye dirisha lisilopigwa na jua, yaani vyumba vyetu vingi hapa. Ulaya na Marekani ni ua la madirishani linalojulikana na kila bibi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani kule Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Wajerumani hadi leo hulitaja kwa jina la Usambara. Ndugu zake wanaota kwenye miamba ya chokaa yenye kivuli huko Kilifi, na katika msitu wa Mbololo, Taita. Wamebaki wachache, kwa hiyo usiende kuwang'oa mwambani. Nunua kwa wauza miche. Majani yake yana manyoya na hayapendi kurowa. Keti mkebe ndani ya kisahani cha maji kwa nusu saa, kisha yamwage yaliyobaki, maana maji yaliyotuama ni nyumba ya mbu. Jani moja lenye kikonyo, likichomekwa udongoni, huanza kutoa watoto baada ya miezi miwili hivi.

Nilipomwonyesha Mama haya yote aliyatazama akaniuliza, "Mwanangu, ua lisilonukia la nini?" Alikuwa na haki. Hakuna mtu atakayefunga kikuba kwa jeraniamu. Basi nikampandia mrihani, ambao kwa joto hili huota bila taabu. Ukikata ncha zake kila mara hupanuka, na harufu yake ukiugusa tu inajaa chumba. Huo aliukubali. Sasa ndio anaoumwagia yeye mwenyewe, na mkono wake haumwagi ovyo tena.

Mwezi huu dada yangu ametuletea vijiti vitatu vya mwasumini kutoka Mombasa, vimefungwa kwa kitambaa kibichi. Tumevipanda katika mchanga na samadi, tukavifunika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, tukaviweka pembeni mwa paa kusikopigwa na jua kali la adhuhuri. Viwili vimekauka. Cha tatu kimetoa majani mawili, na Mama ameshamwaga chumvi kutoka kwenye mkebe wa maziwa. Kesho nautoboa.