Je, Ni Cheo Kinachombadili Mtu?



Kila mahali pa kazi maneno ni yale yale. Mwenzetu anatolewa kwenye mstari, anapewa unyapara, na kabla mwezi haujaisha amekuwa mkali kuliko mwenye shamba. Tunasema, "Cheo kimemlevya." Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia za watu, nao walisema hivyo kwa miaka mingi. Ushahidi wao mkubwa ulikuwa jela ya kuigiza iliyofanywa Marekani.

Mwezi wa Agosti 1971, Profesa Philip Zimbardo wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, alitangaza gazetini kwamba anatafuta vijana wanafunzi kwa kibarua cha dola 15 kwa siku. Walichaguliwa 24, wazima wa mwili na akili. Nani awe askari jela na nani awe mfungwa, iliamuliwa kwa kurusha sarafu. Askari walipewa sare, virungu na miwani isiyoonyesha macho. Wafungwa walifungwa mnyororo mguuni, wakaitwa kwa namba. Zimbardo mwenyewe akawa mkuu wa jela.

Siku ya pili wafungwa waligoma, wakaziba milango kwa vitanda. Askari waliwapulizia mitungi ya kuzimia moto, wakawavua nguo, wakawanyang'anya vitanda. Lakini nguvu peke yake isingetosha. Basi wakatenga chumba kimoja cha "wafungwa wazuri", wakawapa vitanda na chakula kizuri wale ambao hawakushiriki sana mgomo. Baada ya muda, bila maelezo, wakawachanganya: wazuri wakarudishwa kwa wakaidi, na baadhi ya wakaidi wakaletwa penye raha. Kila mfungwa akaanza kumdhania mwenzake kuwa mpelelezi. Umoja ukafa. Aliyewahi kuona watu watatu wanaongezwa mshahara ghafla wakati mgomo unanukia hahitaji kuelezwa zaidi.

Manyanyaso yalizidi. Utafiti uliopangwa kuchukua wiki mbili ulisimamishwa baada ya siku 6, mtaalamu kijana Christina Maslach alipomkabili Zimbardo juu ya ubaya wanaotendewa vijana wale.

Zimbardo akatangaza kwamba hali ya jela na vyeo walivyopewa ndivyo vilivyowageuza vijana wema. Vitabu vingi vikainakili habari hiyo. Lakini si askari wote waliokuwa wakatili; wengine walikuwa wapole hadi mwisho. Tena mtafiti Mfaransa, Thibault Le Texier, alizipekua kumbukumbu za utafiti ule, na mwaka 2018 akatoa kitabu. Alionyesha kwamba askari walielekezwa tangu mwanzo jinsi ya kuwafanya wafungwa wajione wanyonge. Kuna na kanda ya sauti ambamo askari mpole anahimizwa na msimamizi wake awe mkali. Zimbardo, aliyefariki mwaka 2024, aliutetea utafiti wake.

Mimi naona kanda hiyo ni jambo kubwa. Nyapara akiletwa mbele ya kamati kwa matusi au kwa kukata watu siku zao, tusiishie kumlaumu yeye na cheo chake. Aulizwe: asubuhi ile aliitwa ofisini na nani, na aliambiwa nini?

Mwaka 2001 Waingereza wawili, Alex Haslam na Stephen Reicher, walifanya jela nyingine ya kuigiza pamoja na BBC. Safari hii askari hawakufundishwa ukali. Wengi wao waliona haya kutumia mamlaka, wala hawakupatana. Wafungwa ndio waliopatana, na siku ya 6 wakaupindua utawala wa askari. Wote wakaanza kuishi kwa usawa, lakini hawakuwa na njia ya kuwarudi wachache waliokataa kufanya kazi. Muda si muda baadhi yao wakadai utawala mkali kuliko ule wa kwanza, na siku ya 8 watafiti wakaufunga mchezo.